Nauli za ndege za ndani: serikali iweke kikomo? Tuangalie walioweka, kilivyofanya kazi na kilipokwama

Mzee wa Nauli

Wakuu, kila Desemba nauli za Dar–Mwanza na Dar–Kilimanjaro zikipanda, swali linarudi lile lile: LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, inapanga nauli ya basi, kwa nini TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, isipange ya ndege? Swali ni la haki na linastahili jibu lenye hesabu.

Kwa basi, Desemba 2023 LATRA ilitangaza shilingi 48.47 kwa abiria kwa kilomita daraja la kawaida, na 67.84 daraja la kati. Unazidisha na kilomita, unapata nauli, unaibandika stendi. Kwa ndege, TCAA inatoa leseni, inasimamia usalama na masuala ya kiuchumi ya sekta, lakini nauli yenyewe kila shirika hujipangia.

Mimi sipingi kikomo. Ninachosema ni kwamba kikomo hufaulu au hufa kwenye vipengele vidogo ambavyo wanasiasa huwa hawavitaji: kinabana sehemu gani ya tiketi, gharama imepigwa kwa viti vingapi vilivyojaa, na mafuta au dola vikipanda nani anasahihisha na baada ya muda gani. Nchi iliyofanya jambo hili kwa muda mrefu na kwa uzito ni Indonesia, kwa hiyo naanza huko.

Sheria yao Na. 1 ya 2009 inampa waziri wa uchukuzi mamlaka ya kupanga kikomo cha juu cha nauli za ndani, daraja la economy, kwa ndege za ratiba. Business class iko huru. Kikomo hupangwa ruti kwa ruti, na ndege za jeti hutenganishwa na za propela kwa sababu gharama zao hazilingani. Kisha mashirika yanagawanywa kwa huduma: lenye huduma kamili linaruhusiwa kufika 100% ya kikomo, la huduma ya kati 90%, na la bei nafuu lisilotoa chakula wala vikorokoro 85%. Kuna pia kikomo cha chini, ambacho tangu 2019 ni 35% ya kile cha juu. Yaani ruti yenye kikomo cha rupia 1,000,000 ina nafasi ya kuchezea kati ya 350,000 na 1,000,000 kwa shirika la huduma kamili, na mwisho 850,000 kwa la bei nafuu.

Hapo ndipo wengi hawaangalii: kikomo hicho ni cha nauli ya msingi tu. VAT, bima ya lazima, tozo ya kiwanja na nyongeza ya mafuta haviko ndani.

Kipusa wa Ukonga

Mzee, hiyo ya nyongeza ya mafuta kukaa nje ndiyo ingenitia wasiwasi. Si shirika linaweza kuhamishia faida yake huko huko?

Mzee wa Nauli

Dada Kipusa, umeligusa. Kwao shirika haliwezi kujiongezea kiholela, nyongeza yenyewe hupewa asilimia na wizara. Aprili 2022 mafuta yalipopanda waliruhusu hadi 10% kwa jeti na 20% kwa propela. Agosti mwaka ule ule ikawa 15% na 25%. Kwa hiyo kikomo cha 1,000,000 kilikuwa 1,150,000 kwa jeti kabla ya VAT, na gazetini bado kinaandikwa 1,000,000. Abiria anayelinganisha tiketi yake na jedwali la wizara anaona ameibiwa, kumbe sheria haijavunjwa.

Ndiyo maana nasema sheria yoyote itakayoandikwa hapa itamke wazi: kikomo ni cha jumla anayolipa abiria, au ni cha nauli ya msingi pamoja na orodha fupi iliyofungwa ya vinavyoruhusiwa kuongezwa. Kuacha katikati ni kualika ugomvi.

Sasa kilichotokea mwanzoni mwa 2019. Nauli za ndani zilipanda ghafla ingawa kikomo kilikuwepo. Mashirika yalikuwa yakiuza chini kabisa ya kikomo kwa miaka, yakishindana, kisha karibu yote yakapanda kukikaribia. Hakuna aliyevunja kikomo. Watu wa Aceh wakawa wanakwenda Jakarta kwa kupitia Kuala Lumpur, wanakata pasipoti ili wasafiri ndani ya nchi yao, kwa sababu ruti ya kimataifa ilikuwa rahisi kuliko ya ndani. Mei 2019 wizara ikateremsha kikomo kwa asilimia 12 hadi 16. Juni 2020 tume yao ya ushindani, KPPU, ikaamua kwamba mashirika saba, yakiwemo Garuda, Citilink, Sriwijaya, Lion Air na Batik, yalivunja kifungu cha sheria kinachokataza kupanga bei pamoja.

Funzo ninalolichukua hapo: kikomo kilikuwepo, na bado abiria aliumia, kwa sababu soko lilikuwa mikononi mwa makundi mawili makubwa. Kilichokosekana ni ushindani.

Msomi wa Kirumba

Naomba kuuliza kabla hatujaenda mbali. Kwa nini isitumike hesabu ya LATRA tu, shilingi kadhaa kwa kilomita? Ni rahisi na kila mtu anaielewa.

Hesabu Kwanza

Ndugu Msomi, kwa sababu ndege inakula pesa nyingi pale inapopaa na kutua, si inapokuwa angani imetulia. Kupaa kunachoma mafuta zaidi kwa dakika kuliko wakati mwingine wowote wa safari. Tozo ya kutua ni ile ile uwe umetoka karibu au mbali. Kuhudumia ndege chini (mizigo, ngazi, usafi, kujaza mafuta) ni vile vile. Hata matengenezo: sehemu nyingi za ndege, magurudumu na mfumo wake hasa, huhesabiwa kwa idadi ya mizunguko ya kupaa na kutua, si kwa saa peke yake.

Dar–Zanzibar ni kama kilomita 73 kwa mstari ulionyooka. Dar–Mwanza ni kama 850. Ukiweka kiwango kimoja kwa kilomita kinachotosha Mwanza, Zanzibar inauzwa chini ya gharama ya kutua tu. Ukiweka kinachotosha Zanzibar, Mwanza inakuwa na kikomo kikubwa mno kisichombana mtu. Njia inayofanya kazi ni mbili: jedwali la ruti kwa ruti kama Indonesia, au madaraja ya muda wa safari kama walivyofanya India.

Na kuna hesabu nyingine ambayo ndiyo moyo wa jambo zima: viti vilivyojaa. Chukua mfano wa kubuni, ndege ya propela aina ya Q400 yenye viti 76, na safari moja ya kwenda tu inayogharimu shilingi milioni 16 kwa kila kitu. Ikijaa 50%, yaani abiria 38, kila mmoja anabeba 421,000. Ikijaa 65%, abiria 49, ni kama 327,000. Ikijaa 80%, abiria 61, ni kama 262,000. Ndege ni ile ile na mafuta ni yale yale. Mpanga kikomo akichagua 80% kwa sababu ya kuipenda namba, ruti ya Songea au Mpanda ambayo haijai hivyo itafutwa ndani ya msimu mmoja. Akichagua 50%, kikomo hakitambana yeyote kwenye ruti ya Mwanza.

Kwa hiyo kabla ya kubishana kuhusu shilingi, tubishane kuhusu asilimia hiyo. Kikomo chochote kisichosema kimekisia viti vingapi vimejaa ni namba ya kuokota.

Kipusa wa Ukonga

Tuongeze na fedha za kigeni. Ukodishaji wa ndege, bima, vipuri na ukarabati mkubwa wa injini vyote hulipwa kwa dola, nauli ya ndani inakusanywa kwa shilingi. Tuseme 60% ya gharama iko kwenye dola: dola ikipanda 10%, gharama nzima inapanda 6%. Tuseme mafuta ni 35% ya gharama: yakipanda 20%, jumla inapanda 7%. Kikomo kisichokuwa na kanuni ya kujisahihisha kila robo mwaka kitakuwa kimekufa ndani ya mwaka. Indonesia jedwali la 2019 liliachwa miaka, wakawa wanaliwekea viraka vya nyongeza ya mafuta badala ya kulipitia upya.

Mtu wa Kilindoni

Na India ilikuwaje? Nasikia waliweka wakati wa korona wakaondoa.

Mzee wa Nauli

Ndiyo. Safari za ndani ziliporudi tarehe 25 Mei 2020, serikali iliweka madaraja saba kwa muda wa safari. Chini ya dakika 40 ilikuwa rupia za India 2,000 hadi 6,000. Dakika 90 hadi 120, ambako Delhi–Mumbai iko, ilikuwa 3,500 hadi 10,000. Wakaongeza sharti ambalo mimi naliona ndilo la maana kuliko kikomo chenyewe: 40% ya viti viuzwe chini ya katikati ya daraja, kwa Delhi–Mumbai chini ya 6,700 hivi.

Kikomo cha chini kiliwekwa ili mashirika yenye mtaji mnene yasiue wenzao kwa bei ya kutupa wakati ndege zinaruka nusu tupu. Ila gharama yake ililipwa na abiria maskini: ile tiketi ya ofa iliyokuwa ikipatikana ukikata mapema ikawa haramu kisheria. Walirekebisha viwango mara kadhaa, baadaye kikomo kikawa kinahusu siku 15 tu za karibu na safari, na tarehe 31 Agosti 2022 kikaondolewa kabisa.

Desemba 2025 kikarudi kwa dharura. Shirika la ndege la IndiGo lilifuta safari kwa wingi baada ya kushindwa kupanga marubani kulingana na kanuni mpya za mapumziko, na nauli za mashirika yaliyobaki zikaruka. Serikali ikaweka: hadi kilomita 500 rupia 7,500, 500 hadi 1,000 rupia 12,000, 1,000 hadi 1,500 rupia 15,000, zaidi ya hapo 18,000. Hii ya dharura naiunga mkono bila kusita. Abiria amekwama, hana mbadala, na muuzaji hajaongeza gharama yoyote ya kuhalalisha bei mara tatu.

Hesabu Kwanza

Nataka kuonyesha kinachotokea ndani ya mfumo wa kuuzia tiketi kikomo kikiingia, kwa sababu watu hudhani bei ya juu inakatwa na nyingine zinabaki.

Ndege haina bei moja. Ile Q400 ya viti 76, tuseme shirika limegawa hivi: viti 10 kwa 150,000, viti 20 kwa 200,000, viti 26 kwa 280,000 na viti 20 vya mwisho kwa 400,000. Jumla ni 20,780,000. Sasa kikomo kinawekwa 300,000. Vile viti 20 vya mwisho vinaleta milioni 6 badala ya 8, pengo ni milioni 2. Shirika likitaka kubaki pale pale, vile viti 30 vya bei ya chini vilivyokuwa vinaleta milioni 5.5 inabidi vilete 7.5. Yaani 250,000 kila kimoja. Mfanyabiashara anayekata tiketi asubuhi kusafiri jioni ameokoa 100,000. Mwanafunzi aliyekata miezi miwili kabla amepandishiwa 100,000.

Mtu wa Kilindoni

Hesabu Kwanza, heshima kwako, ila hapo umelirahisishia shirika kazi. Kama lingeweza kuuza vile viti 30 kwa 250,000 na vikaisha, lingeshauza hivyo tangu jana, halisubiri kikomo. Liliviweka 150,000 na 200,000 kwa sababu mwanafunzi wa 250,000 hapandi, anapanda basi. Kwa hiyo pengo la milioni 2 haliwezi kuzibwa lote kwa kumpandishia mwanafunzi, sehemu kubwa linalibeba shirika lenyewe.

Swali la kweli ni kama shirika lina nyama ya kubeba. Kwenye ruti yenye shirika moja linalokula faida nono, kikomo kizuri kinapunguza bei na hakimuumizi mtu. Kwenye ruti yenye faida nyembamba, ndege inahamishiwa pengine. Ndiyo maana kikomo cha nchi nzima ni kosa, na kikomo cha ruti zenye shirika moja kina hoja.

Hesabu Kwanza

Nakubaliana na hoja hiyo, na ni bora kuliko yangu kwa ruti za shirika moja. Nitaongeza tu kwamba kwenye ruti za mashirika mawili au matatu, kikomo kina tabia mbaya ya kuwa mahali pa kukutania: kila mmoja anajua mwenzake ataishia wapi, na hakuna haja ya kikao kupanga bei.

Mzee wa Nauli

Basi twende kwenye ruti hizo za shirika moja, maana ndizo zenye kilio cha kweli. Dunia ina njia tatu ambazo ni bora kuliko kikomo kitupu.

Umoja wa Ulaya, kwa Kanuni 1008/2008, uliacha nauli huru lakini Kifungu cha 16 kinaruhusu serikali kutangaza ruti kuwa ni ya huduma kwa umma. Zabuni inatangazwa ikiwa na idadi ya safari kwa wiki, ukubwa wa ndege na nauli ya juu. Kwa kawaida anayeomba ruzuku ndogo zaidi anapewa ruti peke yake hadi miaka minne. Hapa kikomo kipo, lakini aliyekikubali amelipwa tofauti.

India wana UDAN, mpango wa ruzuku kwa ruti ndogo za ndani, iliyotangazwa 2016 na safari yake ya kwanza ikawa Shimla–Delhi Aprili 2017. Sehemu ya viti, kwa kawaida nusu, inauzwa kwa nauli yenye kikomo, kwa safari ya kama saa moja ilikuwa rupia 2,500, na shirika linafidiwa. Nusu nyingine ya viti iko huru. Ruti kadhaa zilikufa ruzuku ya miaka mitatu ilipokwisha, kwa hiyo mpanga sera ajiulize mapema mwaka wa nne utakuwaje.

Hispania wanampa mkazi wa Canaries au Balearics punguzo la 75% ya nauli. Hili linapendwa na wapiga kura lakini muundo wake una tundu. Punguzo la asilimia linamfanya mkazi asijali bei: nauli ikipanda kutoka euro 100 hadi 140, yeye anaona 25 imekuwa 35, na serikali inalipa 30 zaidi. Asiye mkazi analipa 140 kamili. Kama tutawahi kuwafidia watu wa Mafia au Kigoma, iwe kiasi kisichobadilika kwa tiketi, shilingi kadhaa, isiwe asilimia.

Msomi wa Kirumba

Kuna walioshindwa kabisa?

Kipusa wa Ukonga

Italia, Agosti 2023. Serikali ilitoa amri ya kuzuia programu za kupanga bei zisizidishe nauli za Sicily na Sardinia zaidi ya 200% juu ya wastani wakati wa msimu. Shirika la ndege la Ryanair likapinga kwa hoja kwamba sheria ya Ulaya inayapa mashirika uhuru wa kupanga nauli, na kweli Kifungu cha 22 cha kanuni ile ile ya 1008/2008 kinasema hivyo. Bunge lilipopitisha sheria Oktoba, kikomo kilikuwa kimetoka, kimebaki kuipa mamlaka ya ushindani nguvu za kuchunguza programu hizo. Tatizo jingine lilikuwa la kiufundi: wastani wa nini? Wa mwaka, wa msimu, wa viti vilivyouzwa au vilivyotangazwa? Kila jibu linatoa kikomo tofauti.

Na Marekani kabla ya 1978 ndiyo kielelezo kikubwa. CAB, bodi ya serikali ya usafiri wa anga, ilipanga nauli za ruti kati ya majimbo tangu 1938, kwa kanuni ya umbali. Kwa kuwa bei ilikuwa moja, mashirika yalishindana kwa chakula na kwa kurusha ndege nyingi nusu tupu, gharama zikapanda, CAB ikapandisha nauli kuzifidia. Wakati huo mashirika ya PSA ndani ya California, na Southwest ndani ya Texas tangu 1971, hayakuwa chini ya CAB, na yaliuza karibu nusu ya bei kwa umbali unaofanana. Ulinganisho huo ndio uliobomoa hoja ya CAB.

Mtu wa Kilindoni

Kwetu ulinganisho huo tumewahi kuuona. Shirika la bei nafuu la Fastjet lilianza Novemba 2012 Dar–Kilimanjaro na Dar–Mwanza kwa nauli kuanzia 32,000 kabla ya kodi na tozo, na wengine wakateremka. Lilipoondoka mwishoni mwa 2018, hapakuwa na sheria ya bei iliyobadilika, kilichobadilika ni idadi ya viti sokoni. Na tusisahau mshindani mwingine: SGR, reli ya kisasa, ilipofika Dodoma 2024, nauli ya treni ya kawaida ilikuwa 31,000 iliyopangwa na LATRA. Kwa Dodoma hicho kinaibana nauli ya ndege kuliko kanuni yoyote.

Hesabu Kwanza

Kwa hiyo ningependekeza haya kwa anayeandika kanuni. Ruti yenye mashirika mawili au zaidi, nauli iwe huru, ila shirika liwasilishe TCAA kila mwezi bei ya chini, ya juu, na idadi ya viti vilivyouzwa kwa kila bei. Bila jedwali hilo hakuna anayeweza kuthibitisha lolote. Ruti ya shirika moja, kikomo cha ruti kwa viti 40% hadi 50% tu, kikiwa kimepigwa kwa ujazaji halisi wa mwaka uliopita. Kikomo cha dharura kiwe tayari kwenye kanuni, kianze ndani ya saa 48 shirika kubwa likisimama, na kife chenyewe baada ya siku 30 kisipohuishwa. Kikomo cha chini kisiwepo. Indonesia walikipandisha hadi 40% baada ya ajali ya AirAsia ya Desemba 2014 kwa hoja ya usalama, lakini usalama hukaguliwa hangani na kwenye daftari la matengenezo, haukaguliwi kwenye bei ya tiketi.

Na bei inayotangazwa iwe ya mwisho, kodi na tozo ndani, tangu ukurasa wa kwanza. Ulaya ni lazima kwa Kifungu cha 23 cha Kanuni 1008/2008. Haigharimu serikali shilingi, na ingeanza kesho.

Msomi wa Kirumba

Mtu akiona amelipishwa isivyo haki kwa sasa aende wapi?

Kipusa wa Ukonga

Kwanza lalamika kwa shirika kwa maandishi, ukiambatanisha tiketi yenye mchanganuo. Angalia mistari yenye herufi YQ na YR, yaani nyongeza za shirika lenyewe: hizo zinabaki kwa shirika, si kodi ya serikali, hata zikiwa zimeorodheshwa pamoja na kodi. Safari ikiwa imefutwa na hutaki mbadala, dai na hizo zirudi. Usiporidhika, peleka TCAA. Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga, TCAA-CCC, lipo kwa ajili ya kumsaidia abiria kwenye hatua hizo. Ukishuku mashirika yamekubaliana bei, hiyo ni Tume ya Ushindani, FCC, kwa Sheria ya Ushindani ya 2003, na ushahidi unaohitajika ni bei za tarehe zile zile zilizobadilika pamoja, kwa hiyo piga picha skrini zenye saa.

Msomi wa Kirumba

Na Dar–Nairobi? Mbona karibu hivyo na ghali hivyo?

Mzee wa Nauli

Kwa safari za kimataifa nchi moja haijipangii peke yake, kuna mkataba wa nchi mbili unaosema nani anaruka, mara ngapi, na kama nauli zinahitaji idhini. Halafu angalia tozo. Kutoka Dar, tozo ya huduma kwa abiria wa kimataifa imekuwa dola 40 kwa miaka mingi, na kutoka Nairobi dola 50. Kwenda na kurudi ni dola 90 kabla hujahesabu tozo za usalama wala kulipia kiti. Kwa nauli ya msingi ya dola 150, hiyo ni 60% juu yake. ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, waliliona hilo kwao, wakaamua tangu tarehe 1 Januari 2026 kodi za usafiri wa anga zifutwe na tozo za abiria na usalama zipunguzwe kwa 25%. Sisi wa Afrika Mashariki tunaweza kuwataka mawaziri wetu wa jumuiya wafanye vivyo hivyo, maana sehemu hiyo ya bei inapangwa na serikali zenyewe na haihitaji kubishana na shirika lolote.